Fikasi Mbili za Mume Mmoja

Mti ule mume wangu aliuleta kutoka Bujumbura, ukiwa ndani ya ndoo ya rangi, umezungushiwa kitenge kuukuu ili upepo wa ziwani usiupukutishe. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na mawese, mtu wa boti. Leo utasikia yuko Kalemie, wiki ijayo Bujumbura, halafu utamkuta nyumbani kwetu Bangwe amelala mpaka adhuhuri. Hakuwa mtu wa zawadi. Akininunulia kitu, kilikuwa sufuria. Kwa hiyo alipoitua ile ndoo barazani, nikafungua kitenge na kuona majani madogo madogo, kila moja kijani katikati na jeupe pembeni kama limepakwa chokaa kwa brashi nyembamba, nilimuuliza huo mti ni wa nani.

"Wako," akasema. "Unaitwa fikasi. Kule nyumba za wakubwa zote zinao."

Akaingia ndani kulala. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kiti cha cherehani changu, maana nilikuwa nashona nguo palepale barazani, nikiutazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyejua lugha.

Haukukaa hata wiki mbili, majani yakaanza kudondoka. Nilikuwa nafagia asubuhi, nikirudi kutoka sokoni nakuta baraza jeupe tena. Mwisho likabaki shina na vitawi vitupu. Niliona aibu. Zawadi moja katika ndoa nzima, nayo nimeiua. Nilikuwa nimeshaibeba ndoo kwenda kuimwaga shimoni nilipokutana na jirani yangu, mama mmoja Muha kutoka upande wa Kasulu. Akanisimamisha, akakwaruza gome kwa ukucha wake wa kidole gumba. Chini yake palikuwa kijani kibichi, na utomvu mweupe ukachuruzika.

"Huu ni ndugu wa umuvumu," akasema. "Kwetu fimbo ya umuvumu ukiichomeka ardhini inaota. Haujafa huu, umenuna tu. Umehamishwa bila kuulizwa. Urudishe pale pale ulipokuwa, na usiuhamishe tena."

Niliurudisha. Ulikaa uchi muda mrefu, kisha siku moja nikaona kwenye ncha za vitawi vitu kama sindano, na ndani ya sindano majani yamejikunja, meupe tupu, yakifunguka ndiyo kijani kinajitokeza katikati. Tangu hapo nikaanza kuujua. Jua la asubuhi linaufaa, jua la mchana linauunguza kwenye ule weupe, pembeni panakuwa kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto. Vumbi la barabarani haulipendi, kwa hiyo nilikuwa naufuta majani kwa kitambaa chenye maji. Na mara kwa mara hutoa chipukizi la kijani kitupu, lisilo na doa hata moja, lenye nguvu kuliko mengine yote. Mwanzoni nililifurahia. Baadaye nikaona tawi lile linakimbia na kuyapita ya madoadoa, nayo yanadumaa. Nikalikata. Kila lilipotokea, nililikata. Hakuna aliyenifundisha hilo. Niliona tu kwamba nikinyamaza mti wote utageuka, na mimi niliupenda ulivyokuja.

Ulipokua ukahitaji chombo kikubwa, nikamwomba fundi akate pipa katikati. Ukakaa mwisho wa baraza, upande unaotazama ziwa. Siku mvua ikishanyesha na hewa ikasafika, kutoka pale unaiona milima ya Kongo imesimama ng'ambo, karibu kabisa, kama ukipaza sauti wataitika.

Huko ng'ambo ndiko mume wangu alikooa mke wa pili. Hakunificha. Alirudi safari moja, akala, akanawa, akaniambia. Nililia, nikaenda kwa mama yangu Ujiji, nikakaa huko mpaka mama akasema, "Mwanangu, hata babu yako alikuwa na nyumba huko na nyumba hapa. Sisi wenyewe tumetoka ng'ambo hiyo hiyo. Rudi kwako." Nikarudi. Sitasema nilifurahi. Lakini hasira ya namna ile haiwezi kupikwa kila siku, inachosha. Ikafika wakati nikamwambia, "Mlete nimuone. Kama ni mwenzangu, basi nimjue sura."

Akatikisa kichwa. "Hataki. Ana kiburi yule. Anasema yeye hawezi kupiga magoti kwa bi mkubwa."

"Nani amesema apige magoti?"

"Ndivyo anavyosema."

Nilimuuliza tena miaka iliyofuata, mara moja Idi, mara nyingine alipoumwa mguu na nikasema aje amuuguze naye. Jibu lilikuwa lile lile. Mwishoni nikaacha kuuliza. Nikamweka moyoni kama mwanamke mwenye shingo ndefu na midomo iliyobinuka, anayevaa vitenge ambavyo mimi sikuletewa.

Kuna siku niliporudi kutoka msibani Ujiji nikakuta tawi moja la fikasi limekatwa. Tawi zuri, la madoadoa, lenye unene wa kidole. Utomvu ulikuwa umechuruzika kwenye shina ukakauka.

"Mbuzi," mume wangu akasema, akijiandaa kwa safari.

Mbuzi anatafuna, anaacha nyuzinyuzi. Pale palikuwa pamekatwa kwa kisu, mshazari, laini. Nilidhani amempelekea mkubwa fulani wa bandarini ili amrahisishie mizigo. Nilipaka majivu kwenye kidonda cha mti, nikaendelea kushona.

Mume wangu alifariki ghafla. Alikuwa anasimamia madumu ya mawese yakishushwa, akasema kichwa kinamuuma, akakaa, akalala upande. Presha. Hata hospitali hakufika. Tulimzika Ujiji, karibu na baba yake. Mabinti zangu wawili, walioolewa Tabora na Mwanza, walikuja wakakuta kaburi bado bichi.

Siku ya tatu, wakati watu wanaanza kuondoka msibani, akaingia mwanamke uani na mfuko mmoja begani. Mfupi, mwembamba, uso umevimba kwa kulia na kwa upepo wa ziwa. Alikuwa amesafiri na boti ya mizigo usiku kucha. Akasimama karibu na wanawake waliokuwa wanaosha sufuria, hajui amwendee nani. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyemtambua. Akamleta mpaka kwenye mkeka niliokalia.

Alipiga magoti. Yule ambaye hawezi kupiga magoti, alipiga magoti mbele yangu bila kuambiwa na mtu, akanishika miguu.

"Yaya," akasema. "Pole, yaya wangu."

Mabinti zangu walitazamana, kwa sababu kwao yaya ni msichana anayelipwa kulea watoto. Mimi nilisisimka. Bibi yangu wa Ujiji, aliyezaliwa ng'ambo, alikuwa akimwita hivyo dada yake mkubwa. Sikuwa nimelisikia neno lile tangu bibi azikwe. Nikamvuta akae kando yangu, nikampa maji.

Ikaja habari ya eda. Shemeji akawauliza wazee. Wengine walisema mwanamke akae eda katika nyumba alimoishi na mumewe, arudi Kalemie. Wengine wakasema amekuja peke yake, ziwa limechafuka, arudishwe vipi. Shemeji akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Unasemaje?"

"Akae," nikasema. Sijui kwa nini nilisema haraka vile. Labda kwa sababu mabinti walikuwa na tiketi za kurudi kwa waume zao, nami niliogopa nyumba.

Ndivyo tulivyobaki wawili, wajane wa mume mmoja, mlango umeegeshwa.

Siku za kwanza tulikuwa kama abiria waliokaa kiti kimoja. Huyu akienda jikoni, yule anatoka. Tulizungumzia chumvi na kuni. Kisha asubuhi moja, watu wakiwa wamekwisha kupungua kabisa, alichukua ufagio akaenda kufagia baraza. Nikasikia ufagio umenyamaza. Nikatoka kuangalia. Alikuwa amesimama mbele ya pipa, mkono umeshika jani moja, analigeuza.

"Yaya, huu muti," akasema. "Hata mimi niko nao kwangu."

"Fikasi? Ipo Kalemie pia?"

"Bwana aliniletea. Tawi fupi, ameliweka katika chupa ya maji, amefunika na shati yake. Akasema linatoka kwenye muti muzuri kuliko yote ya Kigoma."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Macho yangu yakaenda penyewe kwenye lile kovu, ambalo gome lilikuwa limeshalizunguka likawa kama kitovu. "Mbuzi," nikasema.

"Mbuzi gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, akiziba mdomo na mtandio, kwa sababu mjane kucheka barazani si adabu. Mimi pia nikacheka. Tulicheka mpaka tukaingia ndani, na huko ndani kicheko kikageuka, tukalia vibaya kuliko siku ile ya msiba.

Tulipotulia nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa kooni tangu alipopiga magoti. "Kwa nini hukutaka kuja? Nilikuita. Si mara moja."

Alinitazama kama hajaelewa lugha. "Nani hakutaka? Mimi ndiye nilikuwa namwombaka. Nilimwambia, nipeleke nimusalimie yaya, nimupelekee hata samaki ya kukausha. Alisemaka ati weye hautaki hata kusikia jina yangu. Ati nikikanyaga Bangwe utanimwagia maji ya moto."

"Mimi?"

"Weye. Nami nilikuwa nakuogopaka sana."

Maneno yake yalikuwa na mikia hiyo, namwombaka, alisemaka, na mpaka leo nikikumbuka mazungumzo yale nayasikia na mikia yake. Tulikaa jikoni tukilinganisha. Kwangu yeye alikuwa na kiburi. Kwake mimi nilikuwa mkali. Na hata hivyo, huko kwake mume wetu alikuwa akinisifu. Mwenzangu alijua kwamba nakaanga samaki wa migebuka kwa mawese na bilinganya. Alijua mabinti zangu wote wawili, nani alichelewa kutembea na nani alianguka akavunja jino. Aliwahi hata kuwanunulia kanga ya harusi, nayo ilifika, ikaletwa kama ya baba yao. Kwangu mimi mume wetu hakutoa hata neno zuri moja kumhusu yeye. Nilijua tu mji anaokaa.

Shemeji alipokuja kutujulia hali nilimuuliza kama alifahamu. Alivua kofia, akaishika mapajani.

"Nilijua," akasema. "Shemeji, mwanaume mwenye nyumba mbili hulala vizuri zaidi zisipojuana."

Nilimkaribisha chai.

Eda ni muda mrefu kwa mtu anayesubiri kutoka, lakini kwa sisi ulianza kuwa mfupi. Nilimfundisha kuweka zipu. Yeye alinifundisha kupika sombe kwa namna yao, majani ya muhogo yanatwangwa mpaka yanakuwa kama uji na kupikwa taratibu na mawese. Jioni tulikaa nyuma ya pipa la fikasi, mahali ambapo wapita njia hawatuoni, tunatazama ng'ambo. Alinionyesha kwa kidole mahali anapodhani mji wao upo, japo nadhani ulikuwa mbali sana kusini, hauonekani kutoka pale. Sikumwambia.

Mara nyingi aliurudia mti. Aliniambia wake aliupanda ardhini, uani, na umepita paa. "Ila yaya, wangu haiko hivi. Mwanzo ulikuwa na hii meupe. Halafu ukageuka. Sasa ni kijani tu, kama miti yote. Nilidhani udongo yetu ndiyo mbaya. Nilimuuliza bwana, akasema labda ni mimi sina mkono."

Nikamwonyesha chipukizi la kijani lililokuwa limejitokeza chini ya shina, nikaligusa kwa mkasi. "Hili. Ulipaswa kukata hili kila linapotoka."

"Hakuniambia."

"Hakuwa anajua. Hakuwahi kuniuliza."

Alilikata yeye mwenyewe lile, akakaa anautazama utomvu ukitona. Kisha akasema, polepole, "Tungekuwa tunaongea, ningeuokoa."

Nikamwambia ataondoka na wa kwake, wa madoadoa, wenye mizizi, si fimbo ya kwenye chupa. Tukachagua tawi lililonyooka. Nililichuna gome pete nyembamba, nikapangusa utomvu, nikazungushia udongo uliochanganywa na unga wa mbao na maji, nikafunga kwa nailoni pande zote mbili. Tawi likaachwa juu ya mti lilipo, linakula kwa mama yake huku linaota mizizi yake. Alikuwa analichungulia kila siku. Siku alipoona uzi mweupe wa kwanza umegusa nailoni kwa ndani aliniita kwa sauti mpaka jirani yangu Muha akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna usalama.

Eda ilipokwisha, tulioga, tukavaa, shemeji akatusomea dua. Nilitamani abaki. Nilimwambia hivyo, si kwa mzunguko. Nikamwambia nyumba ni kubwa, kazi ya kushona ipo, na wateja wa Gungu ninaowashonea sare wananishinda peke yangu. Alifikiri usiku mzima. Asubuhi akasema mama yake ni mtu mzima, haoni vizuri, na kule hana mwingine.

"Nitakuja, yaya. Nitakujaka kila mara. Na weye utakuja."

Nilimsindikiza bandarini. Alilipakata lile tawi, sasa likiwa kwenye ndoo yake, amelifunga kitenge. Nilimwagiza asishangae likipukutika, asilihamishe, asubiri. Aliitikia kila neno. Boti ilipoondoka hakupunga mkono, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye ndoo.

Mwaka wa kwanza tulipigiana simu karibu kila Ijumaa. Mti ulipukutika kama nilivyosema, akalia kwenye simu, nikamwambia akwaruze gome. Ukachipua. Alinitumia picha, majani yamefunguka meupe na kijani, mama yake amekaa kando kwenye kigoda. Nilipanga kwenda. Kwanza ulikuja ukaguzi wa hati za kusafiria, nikasema nitafuatilia baada ya mfungo. Kisha ziwa likapanda, likala njia ya chini na nyumba za watu, na sisi wa juu tukawa na kazi ya kuwapokea waliohama. Baadaye goti langu likaanza kunisumbua, daktari akanikataza safari za boti. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Yeye naye alikuwa na mama wa kuuguza, halafu mama wa kuzika. Sikufika kwenye maziko yale. Nilimwomba shemeji asome dua huku.

Baada ya mama kufariki aliolewa. Nilifurahi kwa ajili yake, bado alikuwa na umri. Mume wake mpya alikuwa mtu wa Lubumbashi, akamchukua huko, mbali na ziwa kabisa. Mti aliuachia mpangaji. Simu zikawa za mwezi, kisha za sikukuu. Mara ya mwisho nilipompigia alipokea kwa sauti ya chini.

"Yaya, usinipigiake jioni," akasema. "Bwana hapendi. Anasema mambo ya marehemu yaishe. Nitakupigia mimi."

"Hajambo lakini? Anakutunza?"

"Ananitunza. Si mtu mubaya. Nitakupigia, yaya."

Nikasema haya. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama na simu jikoni, naye akisikiliza mlango. Hajapiga. Simlaumu, maana mwanamke anaishi na aliye naye.

Mabinti zangu wakija likizo huniuliza kwa nini sijamsamehe baba yao. Wanadhani ni kwa sababu ya kuoa. Nawaambia hilo nililimaliza zamani, kabla wao hawajaota meno ya pili. Ninachokihesabu mimi ni ile miaka mingine yote. Nilikuwa nimekaa hapa peke yangu nikishona, jioni sina wa kuzungumza naye, na ng'ambo ya maji alikuwapo mtu aliyekuwa anaomba kila safari aletwe kwangu. Tungekuwa tumezeeka pamoja. Tungegombana pia, naijua tabia yangu. Lakini tulipewa eda tu, na eda ina mwisho.

Binti yangu mkubwa aliniambia safari hii kwamba siku hizi simu inaweza kutuma ujumbe wa sauti, mtu akausikiliza wakati wake, peke yake, bila simu kulia. Alinifundisha pa kubonyeza. Nimejaribu mara kadhaa, nasema "Mdogo wangu," halafu nasita, nafuta. Nikipata la kusema ambalo hata mume wake akilisikia halitamletea neno, nitautuma.